Ramani Kwenye Dirisha la Mama Bandeji

"Shangazi, hii ni ramani ya nchi gani?"

Nilikuwa na miaka tisa. Kwenye kioo cha dirisha la chumba cha kufungia vidonda palikuwa na karatasi ya plastiki, ile angavu inayoonyesha upande wa pili, imebandikwa kwa plasta pembe zote nne. Juu yake palichorwa umbo kwa wino mweusi: pwani imepindapinda, rasi moja imechomoza kusini, ghuba ndogo kule juu. Shuleni ndio kwanza tulikuwa tumeanza kusoma ramani, nami nilikuwa naziona kila mahali, hata kwenye madoa ya chai.

Shangazi alikuwa ananawa mikono. Hunawa mpaka viwikoni, taratibu, kama anayeosha mtoto mchanga. Siku hiyo aliacha maji yakimiminika akabaki ameinama hivyohivyo juu ya sinki.

"Nenda kakae na Dada Mapokezi," alisema bila kugeuka. "Na usikiguse hicho kioo."

Nikaenda. Nilidhani nimeuliza ujinga.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Mtaani anaitwa Mama Bandeji, ingawa hana mtoto, na wagonjwa wanamwita daktari. "Mimi ni muuguzi," huwasahihisha. Nao hujibu, "Ndiyo, daktari." Alifanya kazi miaka kumi na minane kwenye wodi ya upasuaji, kisha akaacha akafungua kituo chake, vyumba viwili vilivyokuwa vya kinyozi. Ukutani bado kuna matundu ya misumari ya vioo, na chini, nyuma ya kabati la dawa, kuna nywele ambazo hakuna fagio lililowahi kuzifikia. Najua kwa sababu nilichungulia.

Hatibu malaria wala kikohozi. Anatibu vidonda tu: walioungua na mabomba ya pikipiki, waliopasuliwa wakashonwa vibaya, wazee wenye sukari ambao miguu yao imekufa ganzi. Baba alikuwa akiniacha pale baada ya shule mpaka atoke kazini, kwa hiyo nimekua nikisikia harufu ya dawa na kusikiliza watu wakibishana naye.

"Daktari, jirani yangu alikuwa na kidonda kama hiki hiki, kikapona kwa siku kumi."

"Jirani yako ana mguu wako?"

"Hana."

"Ana sukari yako?"

"Hana, ila..."

"Basi usiniletee kidonda cha jirani humu ndani. Leta chako."

Kila Jumanne anachora. Anaweka plastiki safi juu ya kidonda, anafuata ukingo wake kwa kalamu, kisha anaiweka ile plastiki juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu. Mchoro wa wiki hii unawekwa juu ya mchoro wa wiki iliyopita, yote miwili inashikwa kwenye mwanga wa dirisha, na mgonjwa mwenyewe anaona kama ukingo umerudi ndani au umesonga nje. Mchoro ukishatumika unaingia kwenye faili. Ni ule mmoja tu ndio uliobaki kiooni.

Mambo yanayofuata nimeyapata kwa vipande. Mengine kwa Dada Mapokezi, ambaye ukimpa karanga anaongea mpaka ziishe. Mengine kwa Fundi mwenyewe.

Fundi ni fundi cherehani, duka lake ni la nne kutoka kituoni. Kwa miaka thelathini alishonea cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini. Siku moja sindano ilivunjika, kipande kikaanguka sakafuni, naye akakikanyaga. Mwenye miguu mizima angeruka na kupiga kelele. Fundi ana sukari. Alitembea na ile sindano wayoni siku mbili, mpaka mkewe alipomuuliza, "Baba, mbona soksi yako imelowa?"

Hospitali walimpasua wakatoa sindano pamoja na usaha, wakamwachia shimo lenye kina cha nusu kidole, wakamwambia atafute mtu wa kumsafisha kila siku ya pili. Mtu huyo alikuwa karibu, milango minne tu.

Shimo la namna ile lina masharti. Halifungwi juu kama mlango. Linapona kutoka chini kwenda juu, kama kisima kinachofukiwa, na mdomo wake ndio unaopaswa kufunga mwisho kabisa. Ndiyo maana shangazi alikuwa akilijaza chachi iliyoloweshwa dawa, akiisukuma kwa kibano mpaka chini, ili nyama ya juu isikutane mapema. Fundi, ambaye hakuwa anasikia chochote mguuni, alikuwa analala kitandani akitazama dari na kumchokoza.

"Daktari, unanitia kiraka?"

"Nakutia bitana."

"Aa, hapo sawa. Bitana kwanza, kitambaa cha juu baadaye. Nani alikufundisha ushonaji?"

"Nyamaza, utanifanya nicheke nikuchome."

"Nichome tu, nitajuaje? Lakini nakuomba kitu kimoja. Usije ukanikata kwa kipimo cha mtu mwingine. Mimi nimewaharibia watu suruali nyingi kwa kosa hilo."

Walikuwa wanacheka mpaka walio kwenye benchi wanaingiwa na wivu. Dada Mapokezi anasema hakuwahi kumwona shangazi akicheka na mgonjwa mwingine vile.

Wakati huohuo kulikuwa na simu.

Shangazi alisoma chuo cha uuguzi na mwanamke mmoja aliyelala naye chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mwenzake cha juu. Mwenzake huyo alikuwa akinakili madaftari ya shangazi usiku wa kuamkia mtihani. Sasa alikuwa na kituo chake cha vidonda, chenye milango ya kioo na viti vya rangi moja, na ukurasa mtandaoni ambako watu walimpa jina, Mikono ya Dhahabu. Kila siku picha mbili: kushoto kidonda kinachotisha, kulia ngozi iliyofunga. Chini yake: siku kumi na nne tu.

Shangazi alianza kumtazama wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa anashika kijiko kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine, chakula kinapoa, kijiko kinakaa hewani. Alikuwa anazivuta zile picha kwa vidole viwili, anazikuza, anachunguza kingo za vidonda kama askari anayekagua noti bandia.

"Hiki si cha siku kumi na nne," alikuwa akisema. "Tazama rangi. Hiki ni cha miezi miwili."

"Basi anadanganya," Dada Mapokezi anajibu.

"Anadanganya."

Kisha siku moja, baada ya kukuza picha mpaka ikawa vidoti vitupu, aliuliza, "Au mimi ndiye sijui kazi?"

Dada Mapokezi anasema swali lile lilimtia baridi, kwa sababu halikuwa la mzaha. Na shangazi hakuwa anajitungia hofu yake. Benchi lilikuwa limeanza kupungua. Mama mmoja aliyekuwa katikati ya matibabu alikuja kuchukua faili lake. "Usikasirike, daktari, kule wanafunga kwa wiki mbili, nimeona mwenyewe kwenye simu." Shangazi alimpa faili. Hata kumuuliza ameona nini hakumuuliza. Mchana ule akafungua ukurasa wake mwenyewe mtandaoni.

Alikuwa hana cha kuweka. Faili zake zilijaa michoro ya plastiki, na nani angeweka moyo mwekundu kwenye mchoro wa plastiki?

Jumanne iliyofuata akamchora Fundi. Wiki iliyotangulia kidonda kilikuwa miraba arobaini na moja. Sasa kilikuwa thelathini na minane.

"Miraba mitatu!" Fundi alisema. "Huoni? Tunasonga."

"Mitatu tu," alisema shangazi.

Fundi aliniambia miaka mingi baadaye kwamba neno lile 'tu' alilisikia. "Hukuwahi kuniambia 'tu' kabla ya hapo," alisema, akinitazama kama vile mimi ndiye shangazi. "Siku ile ningechukua kiatu changu nikaondoka. Lakini nilikuwa namwamini, na anayeaminiwa hakaguliwi."

Alhamisi shangazi aliweka chachi kidogo kuliko kawaida. Jumamosi akaweka kidogo zaidi. Mdomo wa kidonda, ulipokosa kitu cha kuuzuia, ukaanza kujifunga wenyewe, naye akausaidia: plasta nyembamba za kuvuta ngozi, na katikati nyuzi mbili. Kazi safi. Alikuwa na mkono mzuri wa kushona, alifundishwa wodini na madaktari wakubwa. Dada Mapokezi alimwona akifanya, akauliza, "Na chini je?"

"Chini kumejaa vya kutosha."

Hakupima. Yeye, anayehesabu miraba, hakuingiza hata kijiti kupima kina.

Baada ya siku chache ngozi ilikuwa imeshika. Alitandika kitambaa kile cha kijani cha kituo, akauweka wayo wa Fundi juu yake karibu na dirisha ili upate mwanga mzuri, akapiga picha saba, akachagua moja. Akaandika: Wiki tatu tu! Tunamshukuru Mungu. Kabla ya kufunga mlango jioni, mioyo ilikuwa mia nne. Asubuhi Mikono ya Dhahabu mwenyewe alikuwa ameandika chini yake: Hongera mpenzi, hatimaye umeamka.

Shangazi alimsomea Dada Mapokezi maneno hayo mara mbili.

Lililomaliza kila kitu ni jambo dogo. Ukurasa ulisema Fundi amepona, na shangazi akauamini ukurasa wake mwenyewe. Mtu aliyepona haji kusafishwa kila siku ya pili. Akamwambia, "Njoo baada ya wiki mbili tukuone." Fundi akarudi dukani, akavaa kiatu, akakanyaga cherehani kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakusikia maumivu. Angeyasikia kwa mguu upi?

Siku ya tisa mkewe alisema nyumbani kunanuka panya aliyekufa. Wakamtafuta panya. Wakasogeza kabati, wakainua godoro, wakatoa masanduku ya vitambaa nje, watoto wakaambiwa wachungulie juu ya dari. Fundi alikuwa anahema, ana homa, anadhani ni uchovu wa kuhamisha makabati. Siku mbili walimtafuta yule panya. Siku ya pili jioni mke aliinama kuokota pini karibu na kiti cha mumewe, akabaki ameinama.

Walipofika kituoni asubuhi, shangazi alisikia harufu kabla hajamwona mtu. Alikuwa mapokezi anaandika. Kalamu ilimdondoka. Dada Mapokezi husimulia yote, lakini hapa karanga hazisaidii. Anasema tu kwamba shangazi alikata nyuzi mbili, na kilichotoka kilifika sakafuni. Donda ndugu. Lilikuwa limepanda ndani kwa ndani mpaka kwenye mfupa, na juu ngozi nzuri, kovu lililonyooka kama mstari wa rula.

Siku ya tatu hospitalini waliukata mguu, upana wa mkono mmoja chini ya goti. Siku hiyo picha ilikuwa na mioyo elfu mbili na mia tatu.

Shangazi alikwenda wodini. Angeweza kunyamaza. Watu wenye sukari hukatwa miguu kila siku, na hakuna ambaye angemuuliza. Mke wa Fundi alikuwa amekaa kando ya kitanda anakunja shuka ambalo halikuhitaji kukunjwa, akampisha kiti, akamwambia, "Karibu, daktari, asante kwa kuja." Shangazi hakukaa.

"Fundi, mguu wako ulikuwa wa kuachwa wazi miezi mitatu, labda minne. Nilijua. Niliufunga ili nipige picha."

Mke aliacha kukunja shuka. "Picha ya nini?"

"Ya kuwaonyesha watu."

"Watu gani?"

Watu gani, kweli? Fundi alikuwa amefumba macho, wakadhani dawa imemchukua. Kisha akasema, bila kuyafumbua:

"Nilikuambia nini kuhusu kipimo?"

Basi. Hakumtukana, hakumlaani. Shangazi alitoka akaenda kuandika barua kwa ofisi inayotoa leseni, akieleza yote kwa mkono wake mwenyewe. Kituo kilifungwa miezi sita. Baba alimwambia, "Dada, umejichongea mwenyewe, nani alikulazimisha kuandika?" Naye akamwambia, "Kula chakula chako." Aliufuta ukurasa. Simu yenye kioo akaiacha, akanunua ya vitufe, inayopiga na kupokea tu. Alipofungua tena, kwenye mlango wa chumba cha vidonda aliweka kopo kubwa lililokuwa la pamba. Kila anayeingia, mgonjwa au msindikizaji, simu yake inaingia koponi kwanza.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo alipata amani. Sijaiona. Benchi halijawahi kujaa kama zamani. Mara moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, alinikuta nimeinamia simu ya baba, akasimama nyuma yangu.

"Yule bado yuko?"

"Nani, shangazi?"

"Mikono."

Nikamtafuta. Nilipompata nikafungua mdomo kusoma ile namba ya wafuasi, naye akaninyooshea kiganja usoni kama askari wa barabarani.

"Usiniambie ni wangapi," akasema. Akatoka nje, akasimama barabarani muda mrefu, bila kazi yoyote.

Fundi alirudi baada ya mwaka na miezi miwili, anatembea kwa magongo. Mguu wa kushoto nao ulikuwa umepata kidonda, kwa kubeba mzigo wa miguu miwili, na tangu hapo kinapona kinarudi. Hakuna mwingine mtaani anayefunga vidonda vya sukari, na kule kwenye milango ya kioo ni mbali kwa mtu wa magongo. Sasa anashonea cherehani ya mkono: vifungo, pindo, viraka. Nilimfahamu hivyo tangu utoto. Kwenye benchi ndiye mchekeshaji wa wote. "Dada Mapokezi, nikifa unirithi magongo, utafukuzia wachumba." Watu wanashika mbavu. Akiitwa ndani, mlango ukifungwa, hasikiki. Nilikuwa natega sikio. Nilisikia kibano kikigonga sahani ya chuma, na maji. Kwa miaka yote hiyo hakumtania shangazi hata mara moja, wala yeye hakumwomba amtanie.

Mwaka huu nilifikisha miaka kumi na sita, nami bado sikujua lolote kati ya haya. Nilijua Fundi hana mguu, kama ninavyojua baba ana upara.

Siku moja shuleni mwenzangu alinionyesha tangazo la mtu anayeuza marhamu mtandaoni. Kwenye picha kulikuwa na wayo juu ya kitambaa cha kijani. Kitambaa kile nilikitambua: pembeni kina alama ya pasi, pembetatu ya kahawia, kazi ya Dada Mapokezi. Nilifurahi kama mjinga. Nilitoka shuleni mbio, nikapita kopo bila kuliona, nikasukuma mlango.

"Shangazi! Kazi yako iko mtandaoni! Ina mioyo elfu sita! Kumbe uliwahi kuwa maarufu, hukuniambia?"

Fundi alikuwa kitandani. Shangazi alikuwa ameshika chachi kwa kibano. Alitazama simu mkononi mwangu, na uso wake ukawa wa mtu mwingine, mzee.

"Lete nione," alisema Fundi.

Nikampa. Aliishika mbali kidogo kama wanavyofanya watu wa umri wake, kisha karibu. Aliitazama kama watu wanavyotazama picha ya marehemu, wanapomtafuta mahali alipokuwa akitabasamu.

"Ndio wenyewe," alisema. "Ona, kovu la baiskeli hilo hapo kwenye kifundo. Nilikuwa nimelisahau." Akanirudishia simu taratibu. "Haya, daktari. Malizia."

Akamalizia. Alijaza chachi mpaka chini, akafunga, akaandika kwenye faili, akamshika Fundi kwapani kumsaidia kushuka. Fundi alipokwenda, Dada Mapokezi alinivuta nje akaniambia yote kwa mara ya kwanza, bila karanga. Na siku chache baadaye nilikwenda dukani kumwomba Fundi msamaha, ndipo akaniambia habari za lile neno 'tu'.

Lakini siku ile, baada ya Dada Mapokezi, nilirudi ndani. Nilitaka kuomba radhi. Shangazi alikuwa anafuta kitanda kwa dawa, upande mmoja, upande wa pili, na tena upande wa kwanza. Nyuma yake kwenye kioo ile plastiki ilikuwa bado ipo, imekuwa ya njano, plasta zimekauka, pembe moja imeanza kujikunja.

"Uliniuliza hii ni ramani ya nchi gani," alisema.

Miaka saba. Nilidhani amesahau.

Akatupa kitambaa kwenye ndoo, akasogea dirishani, akaweka kidole juu ya ile rasi ya kusini.

"Ni wayo wa Fundi, Jumanne ya mwisho. Miraba thelathini na minane. Hapa, unaona, ukingo ulikuwa umeanza kurudi ndani. Na hapa." Kidole kikapita polepole kwenye ghuba. "Sikuhitaji kufanya kitu, mwanangu. Kilikuwa kinapona."